Mwiko na Hedifoni za Baba

Hedifoni kuukuu zina harufu yake: sponji, jasho na mafuta ya nywele. Zangu ziko kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya shule. Upande wa kulia umefungwa plasta iliyokwisha kuwa nyeusi, na wa kushoto bado unaimba. Kila nikifungua sanduku kutafuta cheti, harufu ile hunipokea, na moyo huanza kwenda mbio kabla akili haijakumbuka kwa nini. Nitawaambia kwa nini, ila msinicheke mapema.

Baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga pale Majengo, Sumbawanga. Kuanzia asubuhi alisimama kando ya injini inayonguruma, jioni akarudi nyumbani kope zikiwa nyeupe kwa unga. Ungedhani mtu wa namna hiyo angetaka kimya. Wapi! Wenzake walipeleka hela zao kilabuni, yeye alipeleka kwenye muziki. Alikuwa na spika mbili, maboksi yake yamechongwa kwa mbao za mninga, zikinizidi kimo, na amplifaya iliyopata moto mpaka paka wetu akaifanya kitanda. Mama akilalamika, baba alimjibu kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Mama akamwambia vizuri, basi leo asisubiri iliyopikwa.

Jumapili baada ya misa alipiga wimbo mmoja kwanza kabla ya zote. Ulikuwa wa kwaya ya kigango cha kwao, uliorekodiwa kabla sijazaliwa, naye aliuhamisha kutoka kwenye kanda hadi kwenye flashi kwa uangalifu wa mtu anayehamisha mayai. Katikati ya wimbo ngoma hunyamaza, waimbaji hunyamaza, ikabaki kayamba peke yake ikichekecha polepole. Aliyekuwa akiipiga ni mama, enzi za usichana wake. Hapo baba alikuwa akifumba macho.

Mwaka hadi mwaka sauti ilipanda. Vikombe vilianza kutembea kabatini. Jirani yetu Bibi Desideria, mjane aliyeishi nyuma ya ua wetu wa michongoma, alikuja mara ya kwanza, akaja ya pili. Mara ya tatu baba alimwamkia, "Shikamoo mama," akampa kiti, akamwomba radhi. Bibi hakukaa. Alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, sauti hii haipandi hivihivi. Kuna jambo."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa mlangoni, nikiwa na miaka tisa. Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa mikoa mingine, watakuuliza habari za radi, watacheka, halafu watasogea pembeni kidogo. Sisi watoto hatukuwa tukicheka. Shuleni tulinong'onezana kwamba radi huweza kutumwa, na kwamba mwenye kuituma kwanza huja kukuonya kwa upole. Bibi alikuwa amekuja mara tatu, tena kwa upole.

Mwezi haukuisha, baba akauza spika. Alirudi na boksi dogo alilonunua kwa mfanyabiashara wa Tunduma, ndani yake hedifoni nyeusi zenye masikio manene. Chakula cha jioni kilipoa akitupigia hesabu. Spika za kutoa sauti safi kama ile, alisema, ni bei ya ng'ombe wawili, na bado hujanunua amplifaya ya kuzisukuma, hujaweka zulia la kuzuia mwangwi, hujalipa umeme, hujawapoza majirani. Hedifoni ni bei ya mbuzi, na chumba chake ni kichwa chako mwenyewe. Alisema kwa furaha ya mtu aliyevumbua jembe.

Mama aliendelea kumenya viazi vilivyochemshwa. "Spika tulikuwa tunasikia sote," alisema. "Hiyo anasikia mtu mmoja. Sasa ghali ni ipi?"

Baba alicheka, akazivaa hedifoni zake.

Nyumba ikawa kimya, na kimya kile niliogopa kuliko kelele. Zamani nilijua baba yuko wapi kwa kusikiliza. Sasa alikaa kwenye kiti chake amefumba macho, waya umetoka kichwani hadi kwenye amplifaya, uso umekunjamana kama anayefanya mtihani. Unamwita, haitiki. Mwili upo, mwenyewe hayupo.

Siku ile ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya, tumebaki mimi na baba. Mawingu yalishuka mpaka yakakaa juu ya mabati. Ngurumo ya kwanza ilipolia, nilifanya kama tulivyofunzwa: nikafunika kioo kwa kitenge, nikavua sweta langu jekundu, nikakaa juu ya kigoda katikati ya chumba, mbali na dirisha. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kuchomoa vitu kwenye umeme, na hiyo ilikuwa kazi ya baba. Nilisubiri ainuke. Hakuinuka. Nilimwita mara mbili, mvua ikanimeza sauti. Nikatamani kumgusa bega, nikautazama ule waya, mkono ukakataa.

Kisha radi ikapiga.

Sijui ilipiga wapi, najua tu kwamba chumba kizima kiligeuka cheupe na sakafu ikaruka. Taa ilizimika. Harufu ya kuungua ikajaa puani. Nikapiga ukelele ambao sikujua kwamba ninao. Nilipofumbua macho, baba alikuwa palepale, hedifoni kichwani, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia. Hata kope haikucheza.

Nilijua amekufa. Ninawaambia wazi, sikudhani, nilijua. Jambo la Bibi Desideria lilikuwa limefika, limepita kwenye waya, limeingia masikioni mwa baba yangu. Mkojo ulinitoka, nikausikia wa moto miguuni. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa sayansi: aliyeshikwa na umeme usimguse kwa mkono, tafuta mti mkavu. Nikakimbilia jikoni, nikachukua mwiko wa ugali, nikarudi nikilia, nikaushusha kwa nguvu zangu zote.

Hedifoni ziliruka, zikajibamiza ukutani. Baba alifumbua macho, akanitazama mimi, akautazama mwiko, akauliza, "Kayamba imeshaanza?"

Nilimrukia. Nilimshika masikio, pua, mashavu, nikiyahesabu. Yeye aliangalia taa iliyozimika, akaangalia mvua inavyopiga dirishani, na nikaona hofu ikimwingia polepole, wakati yangu ikitoka. Aliniuliza umeme umekatika muda gani. Nikamwambia tangu radi ilipopiga. "Radi ipi?" akasema.

Mlango ukasukumwa, akaingia Bibi Desideria, kitenge kichwani kimelowa chapachapa. Alikuwa ameusikia ukelele wangu, akapita kwenye michongoma katikati ya mvua ile, mikono yake inavuja damu. Nilijificha nyuma ya kiti. Akamtazama baba, akaziokota hedifoni zilizopasuka, kisha akanituma nikabadilishe nguo. Kutoka chumbani nilimsikia akipaza sauti. Nilidhani anamgombeza kwa ajili ya kelele za zamani, nikamchukia upya.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakuwa akimgombeza. Alikuwa akiongea kwa sauti ili asikike. Marehemu mume wake naye alikuwa mtu wa mashine, ngurumo ikamla masikio, na yeye, kutoka ng'ambo ya ua, alikuwa amepima masikio ya baba kwa jinsi sauti ilivyopanda, mapema kuliko sisi tuliolala naye nyumba moja. Ndilo jambo alilokuja kulisema mara tatu. Damu ya mikononi mwake niliilipa kwa kumwogopa hadi alipokufa, na hilo linaniuma.

Na ile hesabu ya ng'ombe na mbuzi? Ilikuwa pazia. Kayamba ndiyo iliyotangulia kumpotea, kwa sababu sauti yake ni nyembamba. Alikuwa akipandisha spika ili aipate, na iliposhindikana, akanunua hedifoni aisogeze karibu zaidi. Mama alipouliza ghali ni ipi, baba angemjibu nini? Siku ile umeme ulikatika kwaya ikiwa imeingia kwenye kimya chake, naye akabaki amefumba macho, akiisubiri kayamba ya mke wake bila kujua kwamba muziki wote umezimika.

Baba bado yupo, huongea na sisi kwa kututazama midomo. Hedifoni alinipa mimi nilipoenda chuo, akanitania kwamba nimeshazilipia kwa mwiko. Wimbo ule ninao kwenye simu. Mimi huusikiliza kwa upande ule wa kushoto wa hedifoni, na ngoma zikinyamaza, waimbaji wakinyamaza, hubana pumzi. Kabla kayamba haijaingia pana kimya kifupi sana, pengine cha kumeza mate mara moja. Mpaka leo, hapo huogopa.