Ukoo Uliopitia kwa Yusufu

Ile sura ya kwanza ya Mathayo nilikuwa siipendi hata kidogo. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mpaka ulimi unakauka. Baba alitusomesha kila Desemba, nyumbani kwetu Werugha, juu milimani, ukungu umeziba mlango na sisi tumejifunika mablanketi. Ndugu zangu watatu walicheka sana: mwanamume anazaaje? Baba naye alicheka, halafu ananiambia, "Haya, endelea, na usiruke hata mmoja. Hao ni watu wa watu." Mimi nilitaka chai tu.

Baba huyo hakunizaa. Mama alikuja kwake na mimi nikiwa bado natambaa, naye akanipokea, akanipa jina lake, akanisomesha, akanichapa niliposema uongo. Ndugu zangu walizaliwa baadaye. Kijijini hakuna aliyesema kitu, au walisema mimi sijasikia.

Mwaka huu baba akafariki. Nilifunga saluni yangu huku Voi, nikapanda milimani kuzika. Siku moja kabla ya maziko, mchana, tulikaa nje kwenye mabenchi kupanga nani atasoma nini. Maisha ya marehemu angeyasoma baba mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa.

"Watoto aliowazaa ni watatu," akasema. "Wewe tutakutaja pale mwisho, mtoto wa kulea. Usikasirike, mwanangu. Ni ukweli tu."

Eti nisikasirike! Mimi ninayegombana hata na sufuria ikiungua. Nilitaka kumtukana, haki ya Mungu. Lakini nilimwona mama, ameinamisha kichwa chini ya leso yake, kama mimi ni kosa alilofanya na sasa limefichuliwa mbele ya wakwe. Hapo ndipo niliumia.

Nikasimama. "Baba mdogo, wewe ni mzee wa kanisa. Baba yake Yesu ni nani?"

"Mungu. Swali gani hilo?"

"Sasa mbona ule ukoo wake wote kwenye Mathayo, tangu Ibrahimu, unashukia kwa Yusufu? Akamzaa, akamzaa, ukifika kwa Yusufu neno linakatika. Yusufu hakumzaa. Anatajwa tu kama mume wa Mariamu. Kama ni damu tunahesabu, basi Yesu si wa Daudi, na sisi kila Krismasi tunajidanganya."

Ng'ombe akakohoa zizini. Kisha shangazi, dada yao mkubwa, akapiga makofi. "Weee! Mwambie! Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana!"

Mimi mwenyewe sikujua kama nayajua hayo mpaka yaliponitoka. Miaka yote nilidhani orodha ile inajisifia damu, kama jinsi wazee wetu wa kale walivyoweka mafuvu ya mababu kwenye miamba, kila ukoo na mwamba wake, mgeni asikaribie. Kumbe imejaa watu wa kuja. Rahabu ni wa kuja. Ruthu ni wa kuja. Na pale mwisho kabisa, ahadi yote ya Mungu inapita kwa fundi wa mbao aliyekubali tu kusema, huyu ni wangu. Nikaelewa kwa nini baba hakutaka niruke hata mmoja, nikalia palepale mbele ya watu.

Baba mdogo alijikuna kidevu. "Una mdomo wewe, kama marehemu," akasema. "Basi. Wewe ndiye wa kwanza."

Kesho yake akasoma: watoto wanne. Jina langu likatangulia, na la baba likafuata kama ubini wangu. Sitasema uongo, nilifurahi, hata vigelegele ningepiga kama si msiba. Mama akanishika mkono.

Jeneza likashushwa kando ya shamba la kabichi. Mchungaji akaomba. Halafu baba mdogo akachota udongo, akaniwekea kiganjani, mzito na wenye maji.

"Anza, kifungua mimba," akasema kwa upole. "Hawa wengine hawawezi kumwaga kabla yako."

Nilikuwa nimepigania kuitwa wa kwanza, wala sikuwaza kwamba wa kwanza ndiye anayeanza kumfukia. Nikageuka. Ndugu zangu walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu, kila mmoja na udongo wake mkononi, wananingoja mimi.