Mfuga Nyuki Shambani kwa Shemeji

Jirani yangu mfuga nyuki hafungui mzinga bila kubisha hodi. Hugonga ubao kwa kidole, husubiri, kisha huinua kifuniko polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala. Vidole vyake havikosi uvimbe, na sauti yake ni ya chini hata akigomba. Kila asubuhi hufagia nyuki waliokufa. Mizinga yake mingine yote imenyamaza, umebaki mmoja tu. Jana shemeji yake alikuja na bomba la dawa mgongoni kupulizia matikiti shambani kwake, maua yakiwa wazi na nyuki wamo ndani. Akamkuta jirani yangu amesimama katikati ya matuta.

“Toka, shemeji, dawa hii kali.”

“Kali? Si ulisema haidhuru?”

“Nyuki wanakufa kwa ukame, wanakufa kwa utitiri. Mbona unaniandama mimi?”

“Ukame hauna masikio, shemeji. Utitiri nao hauna. Wewe unayo, tena makubwa.”

Shemeji akacheka bila kutaka. “Sasa nipulize lini?”

“Jioni, wakisharudi kwao.”

“Na nisipokuwa na nafasi jioni?”

Jirani yangu akajifunga kibwebwe, akaketi chini kati ya maua.

“Basi anza na mimi.”