Pikipiki Iliyovaa Kanzu

Mama yangu, Nabukalu, anatuni pikipiki hapa Kalisizo tangu mimi nikiwa darasa la tano. Kabla ya hapo fundi alikuwa baba. Mama alimshikia tochi tu na kumsikiliza akigombana na skrubu. Baba alipofariki, wajomba zake walikuja kulitazama sanduku la spana ili waliuze. Mama akalikalia. Alilikalia kweli, kama kiti, siku saba, chakula akiletewa hapo hapo, mpaka wajomba wakachoka wakarudi kwao. Siku ya nane akalifungua.

Kazi yake ni kutuni tu, kuirekebisha injini mpaka ilie sawa. Tairi peleka kwingine. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, midomo inamchezacheza kama mtu anayeletewa umbea. Kisha anageuza skrubu ya kabureta kidogo sana, na injini inatulia kama mtoto aliyepata titi.

"Haya. Nani mwingine?"

Kijana mmoja wa bodaboda, Ssebunya, hakutaka fundi mwingine. Miaka mitatu alikaa kwenye kigoda cha mama, akila mihogo ya mama, na kila alipoipelekea ile skrubu mkono alipigwa kofi la vidole.

"Mikono yako ni ya kula. Iache hapo kwenye sahani!"

Halafu akaniposa mimi. Na kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawapokezani hata kijiko. Anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko, anatetemeka mwili mzima kama kuku aliyenyeshewa. Kwa hiyo siku Ssebunya aliponipata mimi, ndiyo siku aliyompoteza fundi wake.

Tukaona njia ni moja: pikipiki niwe naipeleka mimi. Sijui kuendesha, nilikuwa naisukuma, binti yetu Nansamba mgongoni. Kabla ya kunikabidhi, mume wangu aliiosha kwa sabuni, akaipaka mafuta, akaivua kila kitu: mwavuli, mfuko wa mizigo, na ile mifuko minene ya kuvalia mikono kwenye usukani wakati wa baridi.

"Inakwenda ukweni," alisema. "Haiwezi kufika kama mhuni."

Mama akaituni, ikaimba kama cherehani mpya. Nikairudisha. Ssebunya akaivalisha vitu vyake, akaenda kijiweni, na kabla ya saa sita ilikuwa inatetemeka, inanguruma kwenye kona kama inataka kupigana, halafu inazimika abiria akiwa juu. Ilitokea hivyo mara tatu.

Mwenyekiti wa kijiwe, Kaggwa, ndiye aliyeanza.

"Ssebunya, sema ukweli. Ulimgusa mama mkwe wapi?"

"Sijamgusa!"

"Basi pikipiki ndiyo imemgusa. Tazama inavyotetemeka. Hiyo ni obuko ya mashine!"

Walicheka wiki nzima. Wiki ya pili abiria nao wakaacha kucheka, wakawa wanaipita pikipiki yake na kupanda ya nyuma. Hapo Kaggwa akamwita pembeni.

"Ndugu yangu, Jumatatu. Ikiwa bado inatetemeka Jumatatu, nafasi yako nampa mwingine. Watu wanasema kijiwe chetu kizima kimepata obuko."

Ssebunya alirudi nyumbani hakula. Na huyo ni mtu wa kula. Nikamfunga Nansamba mgongoni, nikaenda kwa mama.

Mama alikasirika. "Nimeituni mara tatu. Injini haina kosa. Mlete na mwenyewe."

"Mama! Na mwiko?"

"Kwani shuka hakuna?"

Jumamosi asubuhi nikafunga shuka kwenye kamba ya nguo katikati ya ua, limefika karibu na ardhi. Mama akakaa upande huu na sanduku lake. Majirani wakajaa upande wa pili, Kaggwa mbele na kikombe chake cha chai ya maziwa. Ssebunya akafika. Chini ya shuka mama aliona magurudumu yanayong'aa, na pindo la kanzu nyeupe.

"Muulize mwenzio," akaniambia, "amekuja kutuni au amekuja kuposa wa pili?"

"Anasema ni heshima, mama."

"Na pikipiki imevaa kanzu pia? Mbona tupu hivyo?"

"Anasema hiyo pia ni heshima."

Mama akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Mara tatu mmeniletea mgonjwa akiwa amepona njiani! Arudi avae nguo za kazi. Na pikipiki ivae."

Alirudi na koti lake na mabuti, mwavuli, mfuko, mifuko ya mikono. Tuliisikia pikipiki inatetemeka tangu barabarani.

"Ahaa," mama akasema, "mgonjwa ndiye huyu. Mwambie akae juu, ageuze usukani kushoto."

Ikanguruma mpaka kuku wakakimbia.

"Anyooshe."

Ikatetemeka, ikakohoa, ikazimika.

"Pale penye mkono wa mafuta pamefungwa nini?"

Ssebunya akajisahau, akajibu mwenyewe kwa sauti: "Ni mifuko ya mikono, mama!"

Watu wote wakashika midomo.

"Mwambie sijasikia," mama akaniambia taratibu.

Nikarudia, na huku uso unaniwaka. Ile mifuko niliishona mimi, kwa blanketi letu kuukuu, mvua za Machi zilipompa mume wangu kikohozi. Ilikuwa inateleza, nikaikaza kwa kamba, na kamba nikaipitisha juu ya waya wa mafuta. Akikata kona, kamba inavuta waya, injini inanguruma.

"Nani aliyefunga?" mama akauliza.

"Mimi."

"Umemfunga mumeo vizuri, mwanangu. Umemfunga pamoja na waya." Akainama kwenye kabureta, mkono umepita chini ya shuka. "Lakini hii skrubu hukuigeuza wewe. Ilinguruma, mtu akaipunguza, ikawa inazimika. Nani?"

Mabuti yakasogea nyuma kidogo.

Mama akaushika mkono wangu, akanipiga kofi la vidole, pa! "Mpelekee mwenzio."

Nikazunguka shuka, nikamwonyesha vidole. Ssebunya akaanza kusugua vya kwake. "Limefika," akasema.

Mifuko mama hakuitupa. Aliniambia nifunge kamba kwa chini, mbali na waya, kisha akatuni kila kitu kikiwa kimevaliwa na mwenyewe yuko juu. Katikati ya kazi bisibisi ikamponyoka, ikaangukia buti la Ssebunya. Naye akainama kuiokota ampe mama.

"Acha!" ua mzima ukapiga kelele.

Akakalia mikono yake miwili mpaka mama alipomaliza.

Kaggwa akapanda nyuma, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Wakaenda mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wakageuza, wakarudi. Kaggwa akashuka, akatuonyesha kikombe, akanywa chote.

"Hata tone. Jumatatu uje kazini, ndugu yangu. Na ya kwangu mimi, mama, nikuletee lini?"

"Siku yoyote," mama akajibu nyuma ya shuka. "Ila usiioshe."

Siku hizi Ssebunya kila asubuhi akipita nyuma ya ua wa mama husimama, anaiacha injini inalia peke yake. Mama ndani anaweka chini kikombe, anasikiliza. Ikiwa sawa, anagonga spana kwenye sanduku mara moja, naye anaondoka.

Juzi akarudi nyumbani mbio.

"Mama Nansamba, leo mama yako amegonga mara tatu. Umefanya nini?"

Nilikuwa nimeongeza kipande cha blanketi. Kidogo tu. Alikuwa amekohoa.