Lita Ishirini za Mawese

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa fakulti kwa pini moja tu, kwa hiyo upepo ulipopita lilijikunja na ilibidi ulishike kwa mkono ili ulisome. Kampuni ya serikali ya migodi ingewafadhili wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wafanye utafiti wao katika maabara yake ya Likasi. Fomu nakala nne, picha mbili, orodha ya mahitaji. Atakayekubaliwa angepewa karatasi ya kuingilia maabara. Nililisoma mara sita nikitafuta mtego.

Mimi ni mtoto wa Likasi, na utafiti wangu ulihusu mawe ya kijani ya mgodi wa Kamatanda, namna ya kuitenga shaba yake kwa povu. Mashine ya kazi hiyo ilikuwa katika maabara ile peke yake. Bila mashine hakuna majaribio, bila majaribio hakuna tasnifu, na bila tasnifu kabla ya Julai ningerudia mwaka mzima. Baba alikuwa ameshawaambia majirani wote wa Kikula, mtaa wetu, kwamba mwanawe ni mhandisi. Hakusema “atakuwa”. Alisema “ni”.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unalisaga jiwe mpaka liwe unga, unautia unga majini, unaongeza magadi na mafuta kidogo, halafu unapuliza hewa kwa chini. Mafuta yanazishika chembe za shaba, mapovu yanazibeba juu, na takataka inabaki chini. Mafuta yanayofaa kwa mawe yetu ni mawese, ambayo kwetu huitwa mafuta ya ngazi. Yaleyale tunayopikia sombe, majani ya muhogo.

Hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe. Nilihitaji lita mbili. Lita mbili zingetosha majaribio yote na kiasi kingebaki. Lakini nilikaa na ile fomu siku nne. Nikiomba mbili, niliwaza, mtu wa kwanza atakata nusu, maana watu wa ofisini hukata ili ionekane wamesoma. Wa pili naye atakata nusu. Na chupa ikivunjika? Na mafuta yakiwa na maji ndani? Nikaandika tano, nikafuta. Nikaandika kumi. Kumi ikanitia hofu kwa sababu ilionekana kama namba iliyobuniwa, na kwa akili ambayo leo siielewi, ishirini ikaniridhisha. Nilifikiri pia kutumia jina la kitaalamu badala ya mawese, nikaona litafanana na kuficha jambo. Basi nikaandika kwa Kifaransa kilichonyooka: huile de palme, vingt litres.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Likasi, mbele ya karani wa ofisi ya masomo. Alikuwa amevaa abacost, suti ile isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri na alikuwa na kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja.

“Dossier yako haiko hapa, citoyen.”

“Iko wapi?”

“Inaenda ku service sociale.”

“Lakini ile ni ya utafiti.”

“Uliandika chakula.”

“Sikuandika chakula.”

“Uliandika mafuta ya ngazi. Mafuta ya ngazi njo chakula. Chakula iko ku service sociale.” Alinitazama kwa huruma kidogo. “Hata minye ningeituma kule.”

Nilitoka nikifanya hesabu ya kila neno nililoliandika. Je, ningeanza na magadi badala ya mawese, faili lingekwenda kwingine? Hapana, magadi nayo hutiwa kwenye sombe.

Service sociale, yaani ofisi ya mgao wa chakula, ilikuwa upande wa pili wa mji, na foleni yake ilikuwa ya wake za wafanyakazi. Nilisimama katikati yao na daftari langu kwapani, na mama aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kama mke wangu ni mgonjwa, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nilisema sina mke. Akawaambia wenzake. Walicheka mpaka dirishani.

Aliyeketi dirishani alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Faili langu lilikuwa juu ya meza yake, na juu ya faili kulikuwa na kikombe cha chai.

“Njo weye wa litre makumi mbili?”

“Ndiyo, mama.”

“Weye iko na batoto ngapi?”

“Sina mtoto, mama.”

“Bibi?”

“Sina.”

“Sasa litre makumi mbili ni ya nini? Unajipakalaka?”

Foleni nzima ilisikia. Ningeweza kusema “ni ya kazi” na kunyamaza. Badala yake nilimweleza. Nilianza na kusaga, nikaja kwenye magadi, nikamwonyesha kwa mikono jinsi povu linavyopanda. Nilipofika kwenye chembe za shaba alivua miwani.

“Mutoto wangu, minye ninapika tangu ningali mudogo. Mafuta inapandaka juu ya mayi. Jiwe inashukaka. Weye unasema jiwe itapanda na mafuta?”

“Ndiyo, mama. Inabebwa na povu.”

“Na ku université banakufundisha hii?”

“Ndiyo, mama.”

“Miaka ngapi?”

“Mitano.”

“Mitano!” aliwaambia wa nyuma yangu, na mmoja akasema kwamba mume wake alisoma miwili tu na anajua jiwe linashuka.

Niliomba nifute mwenyewe mstari wa mafuta. Akasema mwanafunzi hawezi kugusa faili lililokwisha kupigwa muhuri. Niliomba basi anirudishie niandike jingine. Akasema likirudi linaanza upya, na linaloanza upya litasainiwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu aliacha kucheka. Alisogeza kikombe, akashika kalamu nyekundu, na mbele ya mstari wangu akaandika refusé, akaupigia mstari chini mara mbili.

“Weye hauwezi kufuta,” alisema. “Minye ninaweza kukatala. Nimekatala mafuta. Bingine yote inabaki. Enda, mutoto, na uoe.”

Siku tisa baadaye barua ikatoka: nimekubaliwa, isipokuwa mafuta. Ilikuwa mwanzo wa Juni. Usiulize nilizipitishaje siku hizo tisa. Niliandika barua tatu za malalamiko na sikupeleka hata moja, kwa kuogopa itaamsha mtu aliyesinzia.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mwembamba, mwenye kuvaa koti jeupe lenye madoa ya kijani. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama, akafunua fomu iliyobanwa nyuma yake, akafika kwenye wino mwekundu, akaanza kutikisika mabega.

“Litre makumi mbili? Ulitaka kufanya Kamatanda yote?”

“Niliogopa watapunguza, papa.”

“Na uliandika mafuta ya ngazi, vile, wazi?”

“Ndiyo ukweli wenyewe.”

“Mutoto, sie hapa tunaandikaka mélange. Ni mafuta ya ngazi na mazutu kidogo ndani. Ungeandika mélange, hakuna muntu angesoma mara mbili.”

“Kwa nini mnatia mafuta ya dizeli?”

“Juu ya kusaidia povu. Na pia, ikifika safi asubui, magaribi iko mu nyungu ya muntu.” Aliikunja barua. “Litre mbili ya mélange ningekupatia leo, mu chumba yangu.”

Lakini mimi nilitaka kulinganisha mafuta safi na yale yaliyochanganywa. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya tatu, na sura ya tatu ndiyo tasnifu yenyewe. Mafuta safi hayakuwapo maabara yote. Mkuu aliinua mabega.

“Kwenu hawapikaki?”

Mama yangu alinisikiliza akiwa anachambua sombe. Mwaka ule mawese yalikuwa adimu sokoni Kikula, na yake yalikuwa chupa mbili za bia zilizozibwa kwa gunzi la mahindi.

“Unakamata mafuta yangu, unaenda kuitia mu mawe.”

“Kidogo tu, mama.”

“Na mawe itaiva?”

Alinipa chupa moja. Aliishika kwa shingo muda mrefu kidogo kabla ya kuiachia.

Sikuwa nimefikiria lango la maabara. Nilikuwa nimefikiria kila kitu kingine, hata cha kufanya mashine ikikatika mkanda, ila si lango. Mlinzi alitoa chupa ndani ya mfuko wangu, akaiinua kwenye jua, akanusa gunzi.

“Hii nini?”

“Mafuta ya ngazi.”

“Unatoka nayo?”

“Ninaingia nayo.”

Alimwita mwenzake. Wakanizunguka.

“Yaya, kaka yangu,” mlinzi alimwambia mwenzake, “tangu ninalinda hapa, muntu anatosha mafuta inje. Kuleta? Kuleta sijaona.”

“Labda ni mugonjwa,” alisema mwenzake.

“Daftari iko na upande ya kutosha tu. Upande ya kuingiza haiko. Nitakuandika wapi?”

Tulisimama pale, nadhani, nusu saa. Nilianza kumweleza habari ya povu, nikajikamata. Nikasema, “Andika unavyotaka.” Akafikiri, akaandika chupa moja upande wa kutoka, akachora mshale mdogo unaorudi ndani, akaniambia jioni nisithubutu kutoka na hata tone. Nikakubali.

Baridi ya Juni ilikuwa imeyagandisha mafuta. Mkuu aliitia chupa katika ndoo ya maji moto, na tulipoona mafuta yamelegea nikapima kiasi changu kwa bomba la sindano, nikayakoroga na magadi, nikawasha mashine. Maji ya kahawia yalizunguka. Hakuna kitu. Nikaanza: je, nimesaga vibaya? Je, magadi ni mengi? Je, yule mama wa dirishani…

Ndipo mapovu yakaja. Meupe kwanza, halafu ya kijani, mazito, yanang'aa kama ngozi ya kinyonga, yakajaa hadi ukingoni. Nami nilisimama na kijiko cha kukombea mkononi nikijiuliza kama ni lazima nihesabu dakika tangu hewa ilipoingia au tangu povu la kwanza.

“Tosha!” alipiga kelele mkuu. “Tosha povu inje, citoyen, inakufa!”

Nikakomba. Nikakomba mpaka sahani ikajaa na mikono yangu ikawa ya kijani hadi viwiko, na maji yaliyobaki yakawa na rangi ya udongo mtupu. Nilipotazama saa ya kupimia, ilikuwa haijawashwa.

“Sikupima muda, papa.”

“Niliona.”

“Kwa hiyo jaribio hili halihesabiki.”

“Haihesabiki,” alisema, na tayari alikuwa akimwaga chombo. “Saga ingine.”