Kanzu Inayoongezwa Urefu

Idi inapokaribia, mama mmoja, fundi cherehani wa kando ya msikiti, humwita Habib ampime mabega. Huku pini zikiwa mdomoni na vidole vimejaa matundu ya sindano, humshonea kanzu mwanawe, wa rika la Habib, aliyevuka mpaka kwenda Goma akiwa mtoto wa shule, asirudi. Kila mwaka huongeza urefu kidogo. Shehe akithubutu kusema, “Mama, alikuwa mtoto mwema, tumswalie,” fundi hutema pini. “Alikuwa? Iko! Unazika mutu mwenye anakomaa?” Habib naye huendelea kunyoosha mikono apimwe, kama aliyeuazimisha mwili wake.

Mwaka huu maabara ilipima mifupa iliyofukuliwa ng'ambo ya mpaka. Ni ya mwana wa fundi, wakasema. Alikufa mwaka ule ule aliovuka. Habib alikwenda vilevile, akasimama mlangoni, mikono ameinyoosha, maana hakujua njia nyingine ya kumpa pole. Bafta ya kanzu ilikuwa mezani. Fundi alikuwa ameikata sanda, fupi, ya mtoto. Akamtazama Habib kuanzia miguuni mpaka kwenye ndevu, kama mtu aliyemwona leo tu.

“Rudi nyumbani, baba,” akasema. “We uko mukubwa.”