Saa Saba ya Nani?

Juzi nilikuwa kwenye gereji moja ya Gongoni. Karani mmoja, bwana harusi, suti tayari mwilini, alitaka gari kuukuu la mjomba wake litegwe moto, cheche ziwake kwa wakati wake, limfikishe kanisani Kigwa. Kitabu cha gari ni cha Kiingereza, kwa hiyo akamsomea fundi kwa Kiswahili:

"Kidole cha kugawa moto, kile kinachozunguka kupeleka cheche kwenye plagi, kielekee saa saba."

Fundi, mzee mwenye kofia ya kufuma, akatazama saa yake ya mfukoni, akakigeuza kidole hicho cha injini chini, upande ilipo namba saba kwenye saa. Akazungusha hendeli ya kuwashia. Gari likalipuka kama gobole, kuku wakatawanyika.

"Mwanangu, kitabuni kuna namba gani?"

"Moja, mzee. Lakini saa moja ya Kizungu si ndiyo saa saba yetu?"

Fundi akainama tena kwenye injini. Akageuza kidole nusu mzunguko, kikatazama moja. Injini ikanguruma papo hapo.

Mimi nasema karani alitafsiri sawasawa. Injini ndiyo haijui Kiswahili.

Fundi akafuta mikono. "Harusi saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee."

"Na kwenye kadi za mwaliko za Kiingereza uliandika namba gani?"

Bwana harusi akaanza kujipapasa mifukoni, akitafuta kadi aone kama aliandika kumi au nne.