Mpeta Umo Katika Gunia Lipi

Mwaka ule mikarafuu ilizaa hata matawi yakainama, na wachumaji walitoka mbali, hata kutoka Wingwi, kuja katika shamba nililokuwa nokoa wake, karibu na Chake Chake. Nokoa ndiye msimamizi: yeye huamka wa kwanza na kulaumiwa wa kwanza.

Miongoni mwa watu wa Wingwi alikuwamo mama mjane na binti zake wawili. Paa la nyumba yake lilikuwa limeporomoka, na alitaraji msimu ule umpatie makuti na fito kabla ya mvua za masika. Alichuma bila kuvunja tawi, na alipoanika hakubanduka penye jamvi lake. Sikuwa mwepesi wa kusifu watu, wala sasa si mwepesi, lakini yule nilimheshimu.

Mzigo wa kwanza ulipofika mjini, karani wa kupokea karafuu alitia mkono, akatoa konzi moja, akaitazama, akasema, "Mpeta. Rudisheni."

Mpeta ni karafuu iliyorundikwa mbichi ikapata joto. Hata ukiianika baadaye hutoka nyepesi, imejikunja, rangi imepauka, na ukiibana kwa ukucha haitoi mafuta.

Mwenye shamba alirudi na magunia yale, uso umemfura. Aliwakusanya watu uwanjani, akasema, "Nshajua. Ni hawa watu wa Wingwi. Wanaanika karafuu kama wanaanika dagaa! Nokoa, kesho waondoke wote."

Mjane akajibu palepale alipoketi, "Bwana, hata dagaa akioza hujulikana kwa kunuswa. Mie gunia langu umelinusa?"

Watu wakacheka. Mwenye shamba hakucheka.

Nilisogea mbele, nikasema, "Bwana, karani ameuhukumu mzigo. Lakini mzigo huu haukuanikwa jamvi moja. Nipe ruhusa niufungue."

"Ufungue nini? Mpeta ni mpeta."

"Ni mpeta, Bwana. Nataka kujua ni wa nani."

Alinyamaza, nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ndiyo ruhusa. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usinipambie.

Katika shamba lile kila nyumba ya wachumaji ilianika karafuu zake mpaka zikauke, kisha ikafunga gunia kwa ukili, ule utepe wa majani ya mkindu yaitwayo miyaa, iliousuka yenyewe. Kuna waliotia miyaa rangi nyekundu, kuna waliotia nyeusi. Mjane hakutia rangi yoyote, bali alisuka kwa kubana sana. Nyumba kubwa ya mwenye shamba ilifungia kamba ya katani ya dukani. Basi hapakuhitajika kalamu. Nilifungua gunia moja moja, nikamwaga kila moja mahali pake juu ya jamvi, ukili wake nikauweka juu ya fungu.

La mjane lilikuwa zuri. Karafuu zilivunjika kwa mlio na kuacha mafuta kidoleni. Ya Wingwi yote yalikuwa mazuri. Ya wachumaji wa karibu, vivyo hivyo. Nilipofungua ya katani, harufu ilibadilika kabla sijayamwaga. Hata hapo si yote: mengine yalikuwa safi. Mabovu ni yale niliyoyaona yakitolewa ghalani.

Sikumtazama mwenye shamba. Nilimgeukia dada yake, aliyekuwa akiiangalia nyumba, nikamuuliza, "Bi mkubwa, hizi zilianikwa lini?"

Akashika kiuno. "Zingeanikwa na nani mapema? Kaka, si wewe uliyezitia ghalani mbichi ukafunga, ukasema watu wa Wingwi wasije wakaziiba? Na ufunguo ukaenda nao Mkoani kumpokea mgeni wako wa Unguja. Meli ikachelewa, mie nikabaki nanusa mlango. Uliporudi ndipo zikaanikwa, zishapata joto."

Mwenye shamba alichota karafuu kutoka katika fungu lake, akazibana kwa ukucha, moja, kisha nyingine, kana kwamba huenda moja ingemtolea mafuta. Mwishowe akasema, "Haya, basi. Na wakae."

Mjane aliinuka, akaanza kulikunja jamvi lake.

Nikamwambia, "Mama, umesikia. Mnakaa."

"Nimesikia, Nokoa. Leo gunia langu limenisemea, Mungu akulipe wewe uliyelifungua. Lakini aliyefunga mlango kwa kuniona mwizi, mbona hajasema neno?" Akasubiri. Mwenye shamba alitazama chini. "Basi nipimieni karafuu zangu mnilipe, nende zangu."

Shamba la jirani lilimpokea alasiri ile ile, na watu wa Wingwi waliobaki wakamfuata, mmoja baada ya mwingine. Upande waliokuwa wakiuchuma ulikosa watu. Karafuu zilipevuka, zikafunguka maua mtini, zikawa si kitu. Na mwenye shamba akawa anapita chini ya mikarafuu ile kila asubuhi, maua yakimwangukia kwenye kofia, asiseme na mtu.